Masaji ya msamba kabla ya kujifungua, kuna aliyefanya ikamsaidia asichanike?

Kijacho_33

Habari zenu wapendwa. Naombeni msaada wa mawazo, hasa kwa waliozaa kwa njia ya kawaida. Nina mimba ya kwanza, wiki 33 na siku 4, mtoto kashageuka kichwa chini na kliniki wanasema kila kitu kiko sawa, ila mwenzenu nina hofu moja inayoninyima usingizi, nayo ni kuchanika. Uchungu wenyewe siuogopi kihivyo. Dada yangu alipojifungua nilimuuguza mimi, nikaona alivyokuwa anakalia tako moja wiki nzima na zaidi, akienda chooni anashika ukuta machozi yanamtoka, ile picha haijanitoka mpaka leo.

Juzi nikajikaza nikamuuliza nesi kama kuna kitu naweza kufanya mapema, akanambia ipo masaji ya msamba, unajifanyia mwenyewe wiki za mwisho ili pale pazoee kuvutika. Nyuma yangu kulikuwa na foleni, nikaona aibu kuuliza zaidi, nikatoka na hilo neno tu kichwani. Nikaingia intaneti ndo nikachanganyikiwa kabisa, huyu anasema kila siku dakika 10, huyu mara moja kwa wiki, mwingine anasema haina maana yoyote, mwingine anasema unaweza ukamuumiza mtoto.

Kwa hiyo nauliza, inafanywaje hasa, unaanza wiki ya ngapi, mafuta gani, mume anaweza kusaidia mana tumbo limekuwa kubwa hata vidole vya miguu sivioni, na kubwa kuliko yote, inasaidia kweli au nitajisumbua bure? Na naomba msinitishe jamani, nimeshatishwa vya kutosha.

MamaWawili

Pole dada. Mimi sikufanya kwa mtoto wa kwanza wala sikuwa nimewahi kuisikia, nikachanika nikashonwa. Wa pili nilifanya wiki kama nne za mwisho, nikachubuka tu bila kushonwa. Ila siwezi kukudanganya kwamba ni masaji ndo iliyofanya, mana mtoto wa pili njia inakuwa imeshapita mtu, na mkunga niliyempata safari hiyo alikuwa mtulivu sana. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba kichwa kilipofika pale mlangoni, ule moto niliutambua. Mara ya kwanza niliusikia nikapagawa nikasukuma kwa nguvu zote nijiondolee ile hali, mara ya pili nikajiambia aah hii ndo ile ile ya kidole, nikalegea. Kwangu faida niliiona hapo.

mkunga_zamu

Mdogo wangu hongera kwa kufika hapo ulipo. Mimi ni mkunga, nipo leba mwaka wa 14 sasa, na swali lako naulizwa kwa kunong'onezwa karibu kila wiki, wanawake wanasubiri mlango ufungwe ndo waseme. Ngoja nikujibu kwa kirefu.

Msamba ni ile nyama kati ya mlango wa uke na njia ya haja kubwa. Sio ngozi tu, chini yake kuna misuli, na kichwa cha mtoto kikishuka hiyo sehemu inatakiwa iwe nyembamba na ivutike mpaka kichwa kipite. Kwa uzazi wa kwanza kuchubuka au kuchanika kidogo ni jambo la kawaida sana. Chama cha madaktari wa uzazi cha Uingereza kinasema kati ya wanawake 10 wanaozaa kwa mara ya kwanza kwa njia ya kawaida, mpaka 9 wanapata mchubuko, mchaniko au kuongezewa njia, yaani kukatwa na mkasi. Najua hiyo namba inatisha ukiisoma peke yake, ndo mana nataka uelewe kuchanika kukoje, mana watu wanaliweka neno moja kwa vitu vinne tofauti kabisa.

Mchaniko wa kwanza ni ngozi tu, mara nyingi unapona hata bila uzi. Wa pili unafika kwenye misuli ya msamba, huu tunashona na unapona vizuri, na katika ile inayohitaji kushonwa huu ndo tunaouona zaidi. Wa tatu unagusa msuli unaobana njia ya haja kubwa, wa nne unapita mpaka kwenye utando wa ndani wa haja kubwa. Hii miwili ya mwisho ndo ile ambayo watu wanaihadithia, inashonwa na mtaalamu chumba cha upasuaji. Kwa takwimu hizohizo za Uingereza inawapata kama 6 kati ya 100 kwa uzazi wa kwanza na 2 kati ya 100 kwa aliyekwisha kuzaa kwa njia ya kawaida. Kwa hiyo ukisema unaogopa kuchanika, jiulize unaogopa kupi.

Sasa masaji. Waliokusanya tafiti na kuzijumlisha pamoja, tafiti 4 zenye wanawake karibu 2,500, walikuta kwamba kwa wale ambao hawajawahi kuzaa kwa njia ya kawaida, kufanya masaji kuanzia kama wiki ya 35 kunapunguza uwezekano wa kuumia mpaka kushonwa. Kwa lugha rahisi, wanawake 15 wakifanya, mmoja ambaye angeshonwa hashonwi. Sehemu kubwa ya hiyo faida ilitokana na kupungua kwa kuongezewa njia. Kwenye mchaniko wa tatu na wa nne tafiti hizo hazikuonyesha tofauti. Na kwa waliowahi kuzaa hawakupata tofauti kwenye kuchanika, ila miezi 3 baada ya kujifungua waliofanya walikuwa na maumivu pungufu kuliko wale ambao hawakufanya. Kuna utafiti mmoja mkubwa wa Kanada wa mwaka 1999, kwa wazazi wa mara ya kwanza waliotoka na msamba mzima walikuwa 24 kati ya 100 kwa waliofanya masaji na 15 kati ya 100 kwa wasiofanya. Kwa hiyo ina msaada, ila msaada wa kiasi. Akija mtu akakwambia ukifanya hii huchaniki kabisa, huyo usimsikilize, na anayesema haina maana yoyote naye usimsikilize.

Namna ya kufanya. Subiri wiki ya 34 au 35, kabla ya hapo haina haraka. Kojoa kwanza, kata kucha fupi kabisa, nawa mikono vizuri, na ukioga maji ya uvuguvugu kabla au ukijikanda na kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika chache nyama inalegea. Kaa nusu umelala mito mgongoni magoti umeyatanua, au simama mguu mmoja ukiupandisha kwenye kiti, vyovyote unavyofika. Weka kioo kidogo mara ya kwanza ujue unachokigusa, wengi hawajawahi kupaangalia pale maisha yao yote na sio kosa lao.

Mafuta tumia yale safi ya mimea yasiyo na harufu ya kuongezwa, ya zeituni, ya alizeti, ya lozi, au jeli ya maji ya kulainisha. Mafuta ya mgando, mafuta ya watoto yenye manukato, losheni, hivyo achana navyo vinaweza kukuwasha. Na kama mnatumia kondomu za mpira mjue mafuta yanazidhoofisha.

Unaingiza kidole gumba kimoja au viwili, sio mbali, sentimita 3 hadi 5, kama mpaka kwenye kifundo cha kwanza au kupita kidogo. Chukulia mlango wa uke ni uso wa saa ya ukutani, juu kwenye mkojo ni namba 12, chini kwenye haja kubwa ni namba 6. Wewe unafanya kazi upande wa chini tu, kutoka 3 kushuka 6 kupanda 9. Juu kule usikandamize, kuna njia ya mkojo. Bonyeza kwenda chini kuelekea haja kubwa na pembeni, taratibu, mpaka usikie pamevutika na pameanza kuchoma kidogo kama unavyovuta pembe za mdomo kwa vidole viwili (jaribu sasa hivi na mdomo utanielewa). Hapo simama, shikilia kama dakika moja mpaka mbili huku unapumua nje taratibu, utasikia pole pole panakufa ganzi kidogo. Halafu sugua taratibu kwa mtindo wa herufi U, huku na huku, dakika mbili tatu. Yote kwa pamoja dakika 5, ukizidisha sana 10. Mara moja au mbili kwa wiki inatosha, kila siku sio lazima na wala faida haiongezeki kwa kujilazimisha.

Maumivu makali hapana. Pakivutika na kuchoma kidogo ni sawa, pakiuma acha. Wiki ya kwanza panakuwa pamekaza, kuanzia ya pili wengi wanaona tofauti.

Na USIFANYE kama unatokwa na damu, kama kondo la nyuma limekaa chini kwenye mlango wa kizazi, kama chupa imeshapasuka, kama una maambukizi ukeni, uchafu unaonuka, muwasho, malengelenge, au kama daktari amekukataza kuingiza chochote huko kwa sababu ya hatari ya kujifungua kabla ya wakati. Hapo muulize kwanza anayekuhudumia. Mtoto haumii, kidole hakimfikii, yeye yupo juu kwenye mji wa mimba na mlango wake umefungwa.

Baba_K

Samahanini naingilia, mimi ni mwanaume, mke wangu yupo wiki ya 36 na ndo aliyenitumia huu uzi nisome. Tumbo limemzuia hafiki vizuri akaniomba nimsaidie. Nimejaribu jana usiku kwa kweli mkono ulikuwa unanitetemeka, kila akivuta pumzi nadhani nimemuumiza naacha. Mwishoni yeye ndo akawa ananibembeleza mimi. Mkunga naomba maelekezo kwa upande wa msaidizi, nitajuaje nimekandamiza kiasi sahihi?

mkunga_zamu

Kaka asante kwa kuuliza, na hakuna haja ya kuomba samahani. Mke wako anapofanya mwenyewe anatumia gumba, wewe tumia vidole vya shahada, anza na kimoja tu, siku nyingine ndo uongeze cha pili. Yeye akae nusu amelala ili akuone uso na wewe umuone. Anayetoa amri ni yeye, sio wewe. Mkubaliane maneno matatu kabla hamjaanza, ongeza, hapohapo, toa. Akisema toa unatoa sekunde hiyohiyo bila kuuliza kwa nini. Usijaribu kukisia kiasi kwa mkono wako, mwangalie paji la uso, mabega na nyayo. Vidole vya miguu vikijikunja au mapaja yakianza kujifunga ujue umezidisha hata kama hajasema kitu. Na akiwa hajisikii siku hiyo, mnaacha, mnalala. Hiyo sio dawa kwamba ukiruka dozi imeharibika.

Halafu kitu kimoja, wakati unambonyeza mwambie atoe pumzi ndefu ya mdomo aachie taya. Taya likikaza na chini panakaza, nimeliona hilo leba mara zisizohesabika.

Nuru_ya_asubuhi

Nimesoma yote nikasita kama niandike. Kijacho umesema usitishwe, naomba usichukue haya kama kitisho, nayaandika mana kuna mwingine atasoma huu uzi akiwa ameshajifungua kama mimi.

Mimi nilifanya masaji. Wiki sita, sikuruka hata siku moja, nilikuwa naandika kwenye kalenda. Nilifanya na mazoezi, nilihudhuria na darasa la wajawazito. Nikachanika daraja la tatu. Mtoto alikuwa amelala vibaya, uso unatazama juu, nikasukuma muda mrefu mapigo yake yakaanza kushuka ikabidi wamtoe kwa vifaa haraka. Nikashonwa chumba cha upasuaji. Maumivu yaliisha jamani, madaktari walinihudumia vizuri, nikapewa mazoezi ya misuli ya nyonga na mtaalamu wa viungo na leo niko sawa, nakimbia, choo nabana bila shida. Kitu ambacho hakikuisha haraka ni lile neno nililoambiwa na mtu wa karibu yangu nikiwa bado nimelala kitandani, "si ulikuwa unafanya yale masaji yako?" Nililia usiku mzima. Miezi nikawa najiuliza nilikosea wapi, labda mafuta hayakuwa sahihi, labda ningefanya mara mbili kwa siku.

Kwa hiyo fanya dada, mimi nikipata mimba nyingine na wakaniruhusu nitafanya. Ila usiibebe kama mtihani ambao ukichanika umefeli.

MamaWawili

Nuru nakukumbatia kutoka mbali. Hilo neno aliyelisema Mungu amsamehe.

mkunga_zamu

Nuru, asante sana kwa kuandika. Na ngoja niseme wazi kwa sababu nimewaona wanawake wengi wakiubeba huo mzigo. Ulichokieleza, mtoto kutazama juu, kusukuma muda mrefu, kutolewa kwa vifaa, na uzazi wa kwanza, hivyo vyote ni vitu vinavyojulikana kuongeza uwezekano wa mchaniko mkubwa. Uzito mkubwa wa mtoto pia, yaani kilo 4 kwenda juu. Hakuna hata kimoja hapo ulichokisababisha wewe, wala mafuta gani duniani yangekizuia. Mchaniko mkubwa hauwezi kutabirika kwa uhakika hata na sisi tuliopo pale. Ukipata mimba tena mwambie daktari mapema kuhusu lile kovu, mkae mpange pamoja namna ya kujifungua.

Na hapo ndo napotaka kumrudisha Kijacho, mana masaji ya nyumbani ni sehemu ndogo tu. Saa yenyewe ndo ina kazi kubwa. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa mwaka 2018 wanashauri mzazi apewe mbinu za kulinda msamba wakati wa kusukuma, ikiwemo masaji ya mkunga, kitambaa cha maji ya moto kiasi, na mkono wa kulinda pale kichwa kinapotoka, kulingana na anavyotaka mwenyewe na kinachowezekana. Na kuongezewa njia kwa kila mtu kama utaratibu wa kawaida hawakushauri kabisa. Kukatwa kuna sababu zake, mfano mtoto anatakiwa atoke haraka, ila isiwe kwamba kila wa mara ya kwanza anakatwa.

Kile kitambaa usikidharau. Tafiti zilizojumlishwa zimeonyesha kinapunguza mchaniko wa daraja la tatu na la nne, kitu ambacho masaji ya ujauzito haikuonyesha. Mimi nachovya kwenye maji ya moto ambayo mkono wangu unayavumilia, nakamua, nakipima kwanza kwenye upande wa ndani wa kifundo cha mkono wangu, ndo naweka pale msamba unapoanza kutuna, nashikilia anaposukuma, kikipoa nabadilisha. Wanawake wanashusha pumzi hapohapo, wengine wananishika mkono nisikitoe.

Halafu kichwa kitoke TARATIBU. Kikishafika mlangoni kimeanza kuonekana hakirudi tena ndani, mkunga atakwambia acha kusukuma, hema kama mtu aliyetoka mbio, hah hah hah. Ni kigumu kwa sababu mwili mzima unataka kusukuma, lakini zile sekunde za kuhema ndo nyama inapata nafasi ya kuvutika. Mazoezi ya kuhema fanya wakati unafanya masaji, pale panapochoma, uzoee kuchomwa na kuhema vikiwa pamoja. Mkao pia una msaada, kulala ubavu, kupiga magoti, au kusimama kwa mikono na magoti, kuliko kulala chali umenyanyua miguu. Yote haya yaulize kabla uchungu haujaanza, mwambie mkunga wako naomba kitambaa cha maji ya moto na naomba nisikatwe bila kuambiwa kwanza.

Kijacho_33

Jamani nimesoma hii mara tatu, nikamsomea na mume wangu. Nuru asante mno, yani umenitoa mzigo ambao sikujua ninao, kwa sababu kichwani mwangu nilishaanza kupanga ratiba ya kila siku asubuhi na jioni kana kwamba nikikosa siku moja nimejichana mwenyewe.

Swali dogo, nikikuta haipendezi kabisa, yani sijisikii vizuri kujigusa hivyo, nikiacha je?

mkunga_zamu

Unaacha. Kuna wanawake hawaipendi, wengine wana kumbukumbu mbaya mwilini mwao na kuguswa pale kunawarudisha mbali, hao simlazimishi hata mmoja. Kitambaa, kuhema, mkao na mkono wa mkunga bado vipo siku ya siku.

Kijacho_33

Narudi na mrejesho, wiki 36 sasa. Nimefanya mara tatu. Siku ya kwanza kwa kweli nilikaa na kioo dakika nzima naangalia tu, sijui nilikuwa natarajia nini. Kidole kimoja kiliingia kwa tabu, nikabonyeza chini pakawaka moto nikatoa haraka. Siku ya pili nikatanguliza kitambaa cha uvuguvugu, ikawa afadhali kubwa. Jana ndo nimeelewa mkunga ulichosema cha kufa ganzi, nilishikilia nikawa nahesabu pumzi, kwenye ya sita au ya saba ule moto ukashuka wenyewe bila mimi kutoa kidole. Nilishangaa. Mume ananishikia tochi ya simu na kuhesabu muda, kufanya yeye bado sijawa tayari na ameelewa.

Baba_K

Sisi tumejifungua juzi, mtoto wa kike, mama na mtoto wazima. Amechanika kidogo ngozi tu, nyuzi mbili. Mkunga aliyekuwepo alipomwambia hema alihema mpaka mimi nikawa nahema naye. Asanteni.

Nuru_ya_asubuhi

Hongereni sana baba K!! Mpe mama salamu.

Kijacho_33

Wapendwa nimejifungua, wiki 39 na siku 5, mtoto wa kiume kilo 3.4. Nimechelewa kuandika mana usingizi nao umekuwa wa kuazima.

Nimechanika daraja la pili. Nimeshonwa kwa ganzi, nyuzi za kuyeyuka zenyewe. Nilipoambiwa nilisubiri nione kama nitalia, sikulia. Niliomba kitambaa nikapewa, nilijifungua nimelala ubavu, na pale kichwa kilipofika mlangoni ule moto ulikuja mkubwa kuliko wowote wa kidole, hapo MamaWawili ulisema kweli, niliutambua. Nikahema. Mkunga akanishika mkono akanigusisha kichwa, laini, nywele zimelowa, nikasahau kama kuna kitu kinaitwa kuchanika. Mabega ndo yalikuja kwa kasi akasema nadhani hapo ndo palipoachia.

Ninakaa matako yote mawili. Ninachoomba sasa ni kuhusu mkojo, kila nikikojoa panachoma mpaka nabana meno, na choo kikubwa bado naogopa kwenda kabisa, leo siku ya tatu.

mkunga_zamu

Hongera sana mama!! Karibu uzazini.

Mkojo, chukua chupa ya maji ya uvuguvugu, ukianza tu kukojoa jimwagie hapo mbele taratibu mpaka umalize, mkojo unazimuliwa unapita bila kuchoma. Kunywa maji mengi, ukiogopa ukapunguza maji mkojo unakuwa mkali ndo unachoma zaidi. Kausha kwa kugusagusa na kitambaa safi, kutoka mbele kwenda nyuma, usisugue. Pedi badilisha mara kwa mara, nawa mikono kabla na baada.

Choo usikizuie, kikikaa ndani kinakuwa kigumu ndo tatizo linakua. Kula vyakula vyenye nyuzinyuzi, matunda, mboga, na waombe kliniki dawa ya kulainisha choo, ipo ambayo mama anayenyonyesha anaruhusiwa. Ukienda, kunja pedi safi uikandamize polepole kwa mbele pale penye mshono, miguu iweke juu ya kistuli kidogo, inama mbele, usikamue. Nyuzi hazitakatika, hiyo hofu wanayo wote na sijawahi kuona imetokea kwa kwenda choo.

Ukiona panavimba zaidi badala ya kupungua, panatoa usaha au harufu mbaya, una homa, au mshono umefunguka, au unashindwa kuzuia choo au upepo, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda siku hiyohiyo.

Kijacho_33

Ya chupa nimejaribu sasa hivi nikiwa bado nimeshika simu. Haijachoma. Nitarudi kuwaambia ya choo.